Swali la Kumi na Saba

Nilipanda na dodoso la maswali arobaini na moja,
limepigwa chapa Bishkek, karatasi bado zina joto la mashine.
Farasi niliyeazimwa hakuupenda uzito wangu,
wala mimi sikuupenda mteremko wake.
Siku mbili hadi Ak-Toguz,
kijiji ambacho ramani ya kampuni ya simu
imekipaka nyeupe: hakuna wateja, hakuna faida.

Nyeupe! Kumbe watu mia mbili na kumi na watatu.
Kumbe kondoo wasiohesabika, na theluji ya mwezi Mei.

Swali la kwanza: mlingoti mliusimamishaje?
Toktobek akacheka, akanionyesha kidole ambacho hakipo.
Kidole kimoja hakivunji chawa;
hiki kimoja kililipia nguzo nzima.
"Ni bomba la shamba la ushirika," akasema,
"lilipeleka maji kwa ng'ombe wa serikali iliyokufa.
Sasa linapeleka maneno."
Betri mbili za lori, paneli ya jua yenye ufa,
kamba, nati, na ubishi wa majuma matatu
kuhusu kilima kipi kinaliona bonde.
Jildiz, mwalimu wa hesabu, alipanda na kioo cha kunyolea,
akalirusha jua ng'ambo;
mpwawe akajibu kwa kioo cha pikipiki.
Mwanga ukifika, mawimbi nayo yatafika:
hivyo ndivyo walivyopima, bila mhandisi.
Nikaandika, "Mbinu: kioo,"
nikauonea haya ufupi wa mkono wangu.

Swali la tisa: nani analipa?
Kila nyumba som mia moja; asiye nazo, jibini;
asiye na jibini, zamu ya kufagia theluji kwenye paneli.
Na asiyetaka?
Kimya kikapita katikati yetu kama paka.
Omurzak hataki. Anasema kitu hiki kinakula akili za vijana,
na kweli, mjukuu wake halali,
anatazama watu wakicheza mpira ufukweni Brazili.
Lakini nyumba yake inaelekeana na shule,
na usiku taa ya kijani ya kile kisanduku
humwingilia dirishani bila hodi.
Hajaweka pazia.

Nikafika swali la kumi na saba:
Unatumia intaneti kwa shughuli gani? Weka alama.
Biashara, elimu, afya, burudani, nyinginezo.
Burulai akanimiminia chai ya maziwa yenye chumvi,
akaiegemeza simu kwenye bakuli la sukari.
Ikaita hadi ghalani, Yekaterinburg.
Mwanawe akatokea, ametoka zamu, kope zina vumbi la saruji.
Hawakusemezana.
Yeye kule akanywa supu, mama huku akasokota sufu.
Dakika arobaini.
Mara moja tu mama alisema, "Koti,"
naye akafunga kifungo.
Kisha picha ikaganda, kijana kabaki mdomo wazi;
mama akangoja, pasipo kunung'unika,
kama mtu angojaye maji yachemke.
Iliporudi, supu ilikuwa imekwisha.

Kalamu yangu ilisimama juu ya visanduku vitano.
Si biashara. Si elimu. Afya, pengine?
Nikaweka alama kwenye nyinginezo,
na kwenye mstari wa nukta, palipoandikwa fafanua,
nikafafanua: wanakula pamoja.

Usiku ule upepo ulishuka kwa hasira, mtandao ukakatika.
Sikusikia laana. Nilisikia milango,
mmoja, wa pili, wa tano,
viatu vizito, Jildiz akiuliza zamu ya nani,
na mtu akijibu kwamba zamu ni ya yule anayeumwa mgongo,
basi twendeni sote.
Dirishani kwa Omurzak taa ikawaka.
Hakutoka. Aliiinua tu,
akaielekeza kwenye njia ya mawe
mpaka wa mwisho wao akapita.

Swali la arobaini na moja, maoni ya ziada,
limebaki tupu hadi leo.
Nilikuwa nimeambiwa nishike ngazi.